Kimya cha King'ora

Pale Mkange, mtu akikwambia king'ora kimenyamaza, amekupa habari njema. Kikinyamaza, shuka bondeni, kata njia ya mpunga, ufike nyumbani kabla chungu hakijaungulia. Kikilia, usishuke. Panda, zunguka na njia ya juu ya mikoroshoni, hata kama kichwani una mzigo wa kuni, maana tembo wa upande wa Saadani wameshaingia. Watoto wa kijiji kile wanaijua sheria hiyo kabla hawajajua kuhesabu. Aliyewafundisha ni Mwanvita binti Bwanausi, kwa kuwa king'ora ni chake. Alikitengeneza kwenye darasa la jioni la ufundi, Bagamoyo mjini, akiwa na mimba ya Najim, mwanawe wa pili, tumbo likigusa ukingo wa meza, mpaka siku kilipotoa sauti mwalimu akaziba masikio.

Ndiyo maana siku ile, alasiri imeshaadhiniwa na king'ora bado kimekufa mikononi mwake, Mwanvita hakuwa na woga wa kelele. Aliogopa kimya.

Samia, binti yake wa kwanza, kibogoyo wa meno ya mbele, alikuwa ng'ambo ya bonde na bibi yake wakichuma kunde. Huko simu haishiki hata ukisimama juu ya kichuguu. Na asubuhi, kabla hawajaondoka, Mwanvita mwenyewe ndiye aliyemwambia mama yake:

"Mama, nakizima kidogo nikitie akili mpya. Adhuhuri ikipita kitakuwa macho. Mkirudi fanyeni kama siku zote."

"Haya mwanangu," alijibu Bi Kuruthumu, akijitwika kapu. "Kikinyamaza tunapita bondeni."

"Kikinyamaza mpite bondeni."

Aliyasema yeye, kwa kinywa chake, huku akimfunga Samia ushungi asichomwe na jua.

King'ora chenyewe kilikuwa kompyuta ndogo, ubao usiozidi kiganja cha mkono, ndani ya sanduku la bati lililopigiliwa kwenye nguzo nyuma ya ghala la mahindi. Bondeni kulichomekwa vigingi vinavyosikia mtikisiko wa nyayo ardhini na kuleta habari kwa redio. Mfumo wa Linux uliomo ndani, programu mama ya kompyuta ile, aliupika mwenyewe. Alitoa kila kisichohitajika, akabakiza vya kusikiliza na vya kupiga kelele. Mfumo ukishaiva unakuwa faili moja, mafundi wanaliita imeji. Unaliandika kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, unachomeka kadi kwenye ubao, unawasha, basi.

Imeji ya kwanza ilikuwa na ila moja: ng'ombe wa wafugaji wakipita, nayo inalia. Watu wakaanza kucheka. "Leo tembo wa Mwanvita wamevaa kengele," alisema Mzee Msabaha, jirani, na kijiji kizima kikamwitikia. Mwanvita alicheka nao, lakini usiku hakulala. Alijua kicheko kile kinakoelekea: siku moja kitalia kwa haki na asiwepo wa kupanda. Ndipo kule anakoishi, Dunda, Bagamoyo mjini, mtoto akishalala, akapika imeji mpya yenye kutofautisha kwato na nyayo. Akaijaribu kwenye ubao pacha wa huo, ikaamka bila kigugumizi.

Hapa Mkange ikakataa.

Alikuwa amekaa mkekani, kivulini mwa ghala, laptop mapajani, waya umetoka kwenye laptop mpaka kwenye ubao aliouteremsha kutoka nguzoni, nyaya zake za redio na kipaza sauti zikiwa bado zimefungwa. Kila alipowasha, maandishi meupe yalimiminika kwenye skrini kama mchele kwenye ungo, yakafika palepale, yakagoma. Mstari wa mwisho ulisema, kwa Kiingereza kikavu, kwamba mfumo umeutafuta mzizi wake na haukuuona. Mzizi ndiyo ile sehemu ya kadi inayobeba kila kitu. Kiini cha mfumo kilikuwa kimeamka, kimefumbua macho, kikajikuta hakina nyumba.

"Wifi, bado?" aliuliza Mwaija. Huyu ni mke wa kaka yake, Shuaibu, na ndiye aliyekuwa amempakata Najim, mtoto wa miezi saba mwenye hasira za njaa.

"Bado."

"Mbona Dunda kiliwaka? Au kimefika kijijini kikaona haya?"

"Mwaija, hebu nyamaza kidogo."

"Ninyamaze kama king'ora chako?"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakashikana mabega. Mwanvita hakuinua hata uso.

Akajipa moyo kwamba anaujua ugonjwa. Pengine kadi inachelewa kujitambulisha, na kiini hakina subira, kinaitafuta mara moja na kukata tamaa. Akaongeza neno moja kwenye maagizo ya kuwashia, la kukiambia kiini: ngoja, usife, subiri mzizi utokee. Akawasha. Maandishi yakashuka, yakafika pale, safari hii hayakulalamika. Yalisimama tu, yakisubiri. Mwanvita naye akasubiri. Kuku wakapita. Kivuli cha ghala kikausogelea mkeka, kikaupanda. Skrini haikuongeza hata herufi.

Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kosa lenye maneno unaweza kubishana nalo.

"Hodi hapo."

Alikuwa Mzee Msabaha, panga kwapani, mguu wake wa kushoto ukiburuta kama kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Kimepona?" Hakungoja jibu. "Maana natoka kwenye mpunga wa Ibrahimu. Nimekuta mavi mabichi, yanafuka mvuke. Nikajisemea, ikiwa kimepona mbona hakisemi? Nikajibu mwenyewe, basi wameshapita, wamerudi kwao. Nikapita palepale katikati, napiga mluzi."

Mwanvita alihisi maziwa yakimkauka kifuani.

"Hakijapona, baba."

Mzee akamtazama. Kicheko alichokuja nacho kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Na mama yako anajua?"

"Mama anajua kimepona. Nilimwambia adhuhuri kitakuwa macho."

"La haula." Akageuka kutazama bonde. Upepo ulikuwa unatoka pwani, unawapiga mgongoni, ila ukifika kwenye bega la kilima ulipanda juu. Ukipiga kelele hapa chini ya ghala, sauti ya mtu ilikwisha kwenye migomba. "Na hao vijana wa pikipiki wote wamekwenda kuzika Miono."

Mwanvita alikuwa ameshasimama, kanga imemwanguka. "Naenda mimi."

"Uende wapi?" Mwaija alimshika mkono. "Ukienda wewe, hicho nitakiamsha mimi? Kule hayupo Samia peke yake. Ashatu yuko huko na wanawe watatu."

"Kaa chini, mama," alisema Mzee Msabaha. Alikwishaliona debe la mafuta chini ya chaga, akaliokota. "Sisi kabla ya king'ora tulikuwa tunapiga nini? Nitakwenda na njia ya juu. Nikifika jabalini nitapiga. Mguu huu haukimbii, lakini unafika." Akaondoka, akiburuta, debe likigongana na panga.

Mwanvita akakaa. Akakosea kuandika neno lake la siri mara mbili.

Bado alikuwa na akiba. Kadi ya zamani, yenye imeji ya zamani ile ya kuogopa ng'ombe, alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga alipoichomoa asubuhi, kama mtu anavyofunga nauli. Akalifungua fundo kwa meno. Na iogope ng'ombe, alijisemea, na iogope hata mbuzi, ilimradi ilie. Mama akisikia tu, atapanda. Akachomoa umeme, akatoa kadi mpya, akachomeka ile kuukuu iliyokuwa nzima alfajiri ya siku ileile. Akasema bismillahi, akawasha.

Mchele ukamwagika kwenye ungo. Ukafika palepale. Mzizi haukuonekana.

Hapo ndipo woga wake ulipobadilika sura. Mpaka wakati ule alikuwa anaogopa kwamba imeji yake ni mbovu, na kitu kibovu alichokitengeneza mwenyewe angeweza kukitengeneza tena. Sasa hata ile nzima haiwaki. Maana yake ameuua ubao. Labda umeme tuli wa nguo yake, labda aliubana vibaya alipouteremsha. Na ubao mwingine uko Dunda, juu ya kabati, ukiwaka vizuri kabisa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Akamwona Samia. Hakumwona kwa mawazo tu, alimwona kama yuko mbele yake: anatangulia, maana hapendi kushikwa mkono, anaruka matuta ya mpunga kwa mguu mmoja, anamwambia bibi yake, unasikia? kimenyamaza, twende.

Najim akaanza kulia, kile kilio cha njaa kisichotaka maelezo.

"Mnyonyeshe, wifi, huku unafikiri."

"Siwezi sasa hivi. Mlete." Akampokea, akamlaza pajani, mkono mmoja ukiendelea na laptop, na kama alivyomzoesha, akampa ncha ya kidole kidogo cha mkono wa pili anyonye, amdanganye kwa dakika mbili.

Mtoto alinyonya mara moja. Kisha akapiga ukelele ambao Mwanvita hakuwahi kuusikia kwake, uso ukawa mwekundu kama tunda la mkorosho, ulimi nje, pumzi haishuki.

"Nge!" Mwanvita akaruka, laptop ikabingirika mkekani. "Mwaija, kaumwa na nge!"

Wakamvua nguo zote. Wakakung'uta mkeka. Hakukuwa na nge wala siafu. Mwaija akamtazama mtoto mdomoni, akamtazama wifi yake, akaushika mkono wake, akauleta puani. Halafu akagusa kile kidole kwa ncha ya ulimi.

Akatema.

"Pilipili! Wifi wewe! Unampa mtoto pilipili?"

"Pilipili nimeipata wapi mimi? Tangu asubuhi sijaingia jikoni!"

"Basi umeshika nini?"

"Nimeshika laptop. Nimeshika waya. Nimeshika..." Akakitazama kidole. Pembeni ya ukucha palikuwa na alama nyeusi ya mafuta, nyembamba, ambayo alikuwa ameifuta kwenye dera mara kadhaa leo bila kuijali. Kijiji kile chote kilinuka oili chafu na pilipili. Ndiyo dawa ya tembo, inasagwa, inachanganywa, inapakwa kwenye vitambaa vya kuzungushia mashamba. Pua ya mtu wa Mkange haiisikii tena, kama wa Mbegani asivyosikia harufu ya dagaa. "Mwaija. Nani kalipaka sanduku langu?"

Mwaija alikuwa anamfuta mtoto mdomo kwa mafuta ya nazi. Akainamisha macho.

"Mama. Juzi. Alisema mwaka jana waling'oa sola, mwaka huu hawamwonei mwanawe. Alilipaka lote, mpaka kwenye mfuniko. Na pale kwenye tundu la pembeni akapashindilia kwa kidole, akasema hapa ndipo watakapoingiza mkonga."

Tundu la pembeni. Palipochomekwa kadi.

Mwanvita hakukasirika, nafasi ya hasira haikuwepo. Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani kwake, moja likiliita jingine. Imeji mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Na ubao haujafa. Uliokufa hausemi hata mstari wa kwanza. Ubao ukiwashwa husoma kadi taratibu, kama mtoto wa chuoni anayefuata aya kwa kijiti, na msomaji wa taratibu hata njia ikiwa na tope hupita. Kiini kikishaamka ndipo kinapoanza kukimbia, na mkimbiaji akikanyaga mafuta huanguka. Asubuhi, alipoichomoa kadi na kuchomeka nyingine, aliyaburuta yale mafuta ya mama yake mpaka ndani, kwenye vijino vya shaba vinavyoishika kadi. Alifanya hivyo akiwa na haraka, akiwa na furaha.

"Niletee unyoya wa kuku. Laini. Na mfuko wa Najim, mna chupa ya kitakasa mikono."

"Mtoto?"

"Niwekee kifuani. Mimi nisimguse."

Basi wakakaa hivyo. Mwaija amepiga magoti, amelifungua dera la wifi yake, amemshikilia Najim titini kwa mikono yake miwili, na Mwanvita ameinyoosha mikono mbele, mbali na mwanawe, kama mtu anayeota moto. Akapulizia dawa kwenye unyoya, akauingiza tunduni. Ukatoka mweusi. Akaukata ncha, akapulizia tena. Mtoto alinyonya kwa kwikwi, akiacha, akirudi, hajaamua kama dunia ni ya kuaminiwa.

Kutoka mikoroshoni hakukusikika debe.

"Atakuwa hajafika," alisema Mwaija, ijapokuwa hakuulizwa.

"Ndiyo."

"Au tumbo limemshika akakaa. Mzee yule anapenda mabibo."

"Mwaija."

"Naongea kwa sababu naogopa, wifi. Nikinyamaza nitalia."

Unyoya wa tatu ulitoka na rangi ya chai. Uliofuata ulitoka mweupe. Akaifuta kadi mpya kwenye upindo safi wa kanga ya Mwaija, akaipuliza, akaichomeka. Dawa ilihitaji kukauka. Alijua kwamba ilihitaji kukauka, na kusubiri kule, kwa kuupepea ubao kwa kifuniko cha chungu huku jua likigusa vichwa vya minazi, kulimchosha kuliko uchungu wa kuzaa. Angewasha mapema angeunguza kila kitu. Akapepea.

Akawasha.

Maandishi yakashuka. Yakakaribia pale. Mwanvita akafumba macho, kisha akaona aibu, akayafumbua. Mstari wa mzizi ulikuwa umeshapita. Haukuwa wa mwisho tena. Ulikuwa umesukumwa juu na mingine, na mingine, mfumo umeingia nyumbani kwake na unawasha taa chumba kwa chumba. Redio ikaamka. Programu yake ikaanza kuita vigingi. Cha kwanza, cha mikoroshoni, kikaitika: shwari. Cha pili, cha kisimani, shwari. Cha tatu, cha kwenye mpunga, kikachelewa.

Kikaitika, na sanduku likapasuka kwa kelele.

Najim akaachia titi. Kuku wakatawanyika. King'ora kilipanda, kikashuka, kikapanda, juu ya ghala, juu ya migomba, kikipita pale ambapo sauti ya mtu hukwama. Mwanvita aliusoma mstari kwenye skrini. Safari hii haukuwa mstari wa ng'ombe. Hii ilikuwa imeji mpya, yenye kujua kwato na nyayo, na ilikuwa inamwambia kwamba kwenye mpunga kuna nyayo, nzito, zaidi ya mnyama mmoja, na zinatembea.

Tangu akijenge, hakuwahi kutamani kikosee. Sasa alitamani.

Kwani mama na Samia wako wapi? Kama wangali shambani, wamesikia. Kama wameshashuka, je? Na hata wakisikia, wataamini? Mama yake ndiye aliyechoshwa kuliko wote na ng'ombe. Mara ngapi amezunguka kilima kizima kwa ajili ya ndama wa watu? Mwanvita alisimama kando ya nguzo, mikono ameiacha ining'inie mbali na mwili, inawaka moto sasa kwenye kila mkwaruzo, na hakukizima king'ora.

Debe likasikika. Dogo, la mbali, kutoka jabalini, likipigwa bila mpango.

Wa kwanza kutokea mikoroshoni alikuwa Ashatu na wanawe, wanahema, mmoja hana kiatu. "Bi Kuruthumu umewaona?" aliuliza Mwaija. Ashatu akatikisa kichwa. "Walitutangulia," akasema. "Walikuwa wameshashika ya bondeni."

Mwadhini alikuwa ameanza magharibi, na sauti yake na ya king'ora zikawa zinapishana angani. Mwaija alimkumbatia Najim, midomo ikimcheza. Mwanvita aliikazia macho njia mpaka kila kisiki kikawa mtu.

Kisha kisiki kimoja kikawa na vichwa viwili.

Bi Kuruthumu alikuwa amembeba Samia mgongoni, mtoto mkubwa yule, miguu inafika kwenye magoti ya bibi yake. Kapu hana, na ushungi umemtoka. Nyuma yao Mzee Msabaha alikuwa bado anapiga debe, ingawa hapakuwa na haja tena.

"Tulikuwa tumeshashuka," Bi Kuruthumu alisema alipofika, na akakaa chini palepale, vumbini. "Kikalia. Nikasema, ah, ndama wa Mahmoud hao. Nikataka niendelee. Huyu akakaa chini njiani, akakataa. Ananiambia, bibi, mama kakitia akili mpya, hakidanganyi tena. Nikamwinua nimchape. Ndipo nikaisikia harufu yao, mwanangu. Karibu kama hiyo migomba. Kunde nimezitupa."

Samia alikuwa ameshamkimbilia mama yake. Mwanvita akainama kumpokea, kisha akainyanyua mikono yake yote miwili juu kwa ghafla, kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

"Mama, mbona hunishiki?"

"Nina pilipili mikononi."

Bi Kuruthumu aliinua uso. Akaitazama mikono ya binti yake, nyekundu, imevimba vidoleni; akalitazama sanduku lililofunguliwa, manyoya meusi ya kuku mkekani, Najim na midomo yake inayong'aa mafuta ya nazi. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Nililipaka wasiiguse kazi yako," alisema polepole.

"Najua, mama."

"Nililipaka mimi."

"Najua. Ndani nimesafisha. Nje tumeacha."

King'ora kiliendelea kulia, maana kule kwenye mpunga nyayo hazijaondoka. Mwanvita akapiga magoti, akamzungushia Samia viwiko, akambana hivyo, kwa viwiko na kidevu na mabega, viganja vikielea hewani nyuma ya mgongo wa mtoto. Mama yake akajikokota kutoka vumbini, akaichukua chupa ya mafuta ya nazi mkononi mwa Mwaija, akaanza kumpaka vidole kimoja kimoja, bila kumtenganisha na mwanawe.